Safari ya India inaanzia mezani pa nyumba

Hapa kwetu Katanga mwezi haupiti bila jamaa moja kuja nyumbani kwangu na kusema: «Pasta, mutuombee, tunapeleka mugonjwa ku Inde.» Wanatoka Kolwezi, Likasi, Kipushi, hata Fungurume. Zamani mfanyakazi wa Gécamines alitibiwa katika hospitali ya kampuni, yeye na bibi yake na watoto, na hakufikiri sana juu ya franga. Leo wengi wetu tunajilipia wenyewe. Tunauzisha parsela, tunauzisha motokari, tunakusanya kwa wandugu na kanisani, kisha tunapanda ndeke.

Mimi ninaomba pamoja nao. Lakini kisha kuomba ninawauliza maswali, na mara nyingi ninaona ya kwamba tiketi imekwisha kununuliwa, na hakuna anayejua munganga gani anawangojea kule. Ndiyo sababu ninaandika haya. Mwaka 2023 nilimsindikiza yaya wangu, mama wa miaka 54, mgonjwa wa moyo, mpaka Delhi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika Asia. Mambo mengine tuliyafanya vizuri, mengine tulikosa na tukalipa. Ninaandika yote mawili, ili ninyi musilipe tena makosa yetu.

NANI ATAKWENDA?

Ndani ya moyo wa mtu kuna milango midogo inayoacha damu ipite upande mmoja tu. Mlango mmoja wa moyo wa yaya ulikuwa umeharibika. Munganga wa hapa alitueleza ya kwamba mara nyingi ugonjwa huu unaanzia utotoni: koo inauma, mtoto hapati dawa inayofaa, homa inashika viungo, kisha inashika moyo. Miaka mingi inapita, na siku moja mama anapanda ngazi tatu tu na kukosa pumzi. Wazazi, mtoto akilia koo, musiseme ni baridi tu. Mumpeleke kwa munganga.

Jamaa yote tuliketi mezani kwa yaya, Likasi. Swali la kwanza lilikuwa: nani atamsindikiza? Ndugu yetu mkubwa alisema ni yeye, kwa kuwa ndiye anatoa franga nyingi. Mimi nilijiona wa kwanza juu ya upasta wangu. Shemeji alitaka kwenda juu ya biashara, akisema atanunua vitenge. Yaya alitusikiliza wote, kisha akauliza: «Njo nani kati yenu atanisafisha mwili kama siweze kuamuka?»

Tukanyamaza. Kumbe tulikuwa tunachagua wasafiri, hatukuchagua wauguzi. Basi binti yake akachaguliwa wa kwanza. Kisha mimi, kwa sababu ninasoma Kiingereza. Wengine wote walibaki, na franga za tiketi zao zikalipa dawa. Tena sheria ya India yenyewe inafunga mlango huo: viza ya kusindikiza mgonjwa inatolewa kwa watu wawili tu, nao wawe wa jamaa yake.

KARATASI KABLA YA VALIZI

Ambasadi ya India iko Kinshasa. Kwa sisi wa Katanga hiyo ni safari nyingine, na kila karatasi yenye kosa inakurudisha nyuma. Muangalie mambo haya.

Rapori za munganga. Rapori zetu zinaandikwa kwa Kifaransa, na kule waganga wanasoma Kiingereza. Mutafute mtu anayejua kutafsiri maneno ya uganga vizuri, kisha muzitume kwa hospitali mbili au tatu, si moja tu. Kila hospitali itajibu na kusema inadhani ugonjwa ni nini, matibabu gani, siku ngapi, bei gani. Majibu hayo muyaonyeshe kwa munganga wenu wa hapa. Yeye anamjua mgonjwa.

Barua ya mwaliko. Bila barua ya hospitali hakuna viza ya matibabu. Mtu mmoja mjini alituomba dola 300 juu ya barua hiyo, akisema ana rafiki ndani ya hospitali. Tulikaribia kumpa. Kisha binti ya yaya aliandika yeye mwenyewe kwa hospitali kwa njia ya simu yake, na kisha siku nne barua ikafika bila kulipa kitu. Hospitali kubwa kule zina ofisi ya wagonjwa wageni. Muwaandikie wao wenyewe kabla ya kufungua mfuko kwa mtu wa katikati.

Viza. Mgonjwa anaomba viza ya matibabu, na wasindikizaji wanaomba viza ya wasindikizaji. Musidanganywe na mtu anayesema: «Mukamate tu viza ya utalii, iko mbio.» Mtu wa kupasuliwa hapaswi kuingia na viza ya kutembea. Hospitali itaangalia viza kabla ya kumpokea. Paspoti iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi, na kurasa 2 nyeupe.

Majina. Sisi Wakongomani tuna majina matatu, na kila ofisi inayapanga namna yake. Barua ya hospitali ilimwita yaya kwa jina la ubatizo na jina la baba tu. Paspoti ilikuwa na yote matatu. Tulingoja juma moja Kinshasa mpaka barua mpya ifike, na juma moja Kinshasa si bure. Paspoti, barua, tiketi na karti ya chanjo: majina yawe yaleyale, kwa utaratibu uleule, herufi kwa herufi.

Karti ya manjano. Hapa kosa lilikuwa langu. India inaomba chanjo ya homa ya manjano kwa kila mtu anayetoka Congo, na chanjo inahesabiwa kisha siku 10. Mimi nilichomwa sindano siku 6 mbele ya safari, nikifikiri karti ndiyo inatosha. Tulisogeza tiketi tatu na kulipa malipizi. Asiye na chanjo halali anaweza kufungiwa kule mpaka siku 6, na mgonjwa wake angojee. Tangu mwaka 2016 karti hiyo inafaa kwa maisha yote, kwa hiyo uchomwe leo, hata kama safari ingali mbali. Na wewe ambaye umezoea kununua karti bila sindano: unauza uongo kwa mwili wako mwenyewe. Muulize pia ambasadi kama inaomba karatasi ya chanjo ya polio.

Kuna sheria tatu ambazo watu wetu hawazijui. Ya kwanza: simu za satelaiti, zile zinazotumiwa katika machimbo ya mbali, zimekatazwa India bila ruhusa ya serikali. Mtu anayeibeba kwa kusahau anaweza kukamatwa kiwanjani. Iache nyumbani. Ya pili: mgonjwa wa figo asidhani atanunua figo kule. Tangu sheria ya mwaka 1994 biashara ya viungo vya watu ni kosa, na mgeni hapewi figo ya Mhindi asiye wa jamaa yake. Anayetoa figo awe ndugu, na udugu unahakikishwa kwa karatasi za kuzaliwa na barua ya ambasadi. Ya tatu: mama mwenye mimba akipigwa picha ya tumbo, asiulize kama mtoto ni wa kiume au wa kike. Sheria nyingine ya mwaka huohuo 1994 inakataza munganga kusema, kwa sababu watu wengi walikuwa wanatoa mimba za wasichana.

BAHASHA TATU

Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: huketi kwanza na kuhesabu gharama. Sisi tulihesabu kwa bahasha tatu. Ya kwanza: karatasi na tiketi, kwenda na kurudi. Ya pili: hospitali, nyumba na chakula. Ya tatu tuliiandika «Kurudi», na tukakubaliana ya kwamba hakuna mkono utakaoigusa: ni dawa za mwaka wa kwanza, vipimo, na juma za kuongezeka. Jamaa nyingi zinajaza bahasha ya kwanza, zinafika nusu ya bahasha ya pili, na hazina ya tatu. Mgonjwa anapasuliwa vizuri, anarudi, na kisha miezi miwili dawa zinaisha.

Siku bei ilipofika kutoka India tulipata hofu kubwa. Karatasi ilisema rupia 5,50,000. Ndugu yetu mkubwa akatazama na kusema: «Hapa wamesahau sufuri moja.» Akaandika 5,500,000, akageuza kwa dola, na usiku ule hakuna aliyelala. Asubuhi tulimuuliza Mhindi mmoja mwenye duka mjini. Akacheka, kisha akatufundisha. Wahindi hawahesabu elfu kwa elfu kama sisi. Wanahesabu kwa laki, yaani 100,000, na wanaweka alama kisha laki. Kwa hiyo 5,50,000 ni laki tano na elfu hamsini, ndiyo 550,000. Kwa wakati ule ilikuwa karibu dola 6,700. Ukisikia pia neno «kror», hiyo ni laki mia, maana yake milioni 10.

Hospitali inaomba malipo ya kwanza kabla ya kumlaza mgonjwa, na kila kipimo kinalipwa dirishani kabla ya kufanywa. Ni vizuri kutuma sehemu kubwa kwa banki, kwenye konti ya hospitali yenyewe, kwa namba iliyoandikwa kwenye barua yao rasmi. Piga simu uhakikishe namba hiyo kabla ya kutuma. Ukibeba noti za dola zaidi ya 5,000, uzitangaze kwa duani unapoingia. Rupia hazinunuliwi huku, zinabadilishwa kule. Noti zako ziwe safi, zisizopasuka. Badilisha katika ofisi yenye ruhusa, watatazama paspoti yako na kukupa risiti. Uiweke vizuri, maana itakusaidia kugeuza rupia zilizobaki kuwa dola siku ya kurudi. Noti kubwa ni ya 500. Ile ya 2,000 iliondolewa kwenye mzunguko mwaka 2023, basi usikubali mtu akupe. Kule hata muuza chai wa barabarani analipwa kwa simu, lakini mgeni anayefika leo awe na noti ndogo mfukoni.

NDEKE NA SIKU ZA KWANZA

Wengi wetu tunatoka Lubumbashi tukipita Addis Ababa, na kutoka huko ndeke inakwenda Delhi au Mumbai. Mgonjwa mzito haombi kiti cha magurudumu mlangoni pa ndeke: kinaombwa siku ya kununua tiketi. Kama anahitaji oksijeni, kampuni ya ndeke inataka karatasi ya munganga mapema. Ndani ya ndeke anyooshe miguu, atembee kidogo, anywe maji, ili damu isigande katika miguu. Dawa zake zote na karatasi zote zikae katika mfuko wa mkononi, si katika valizi inayokwenda chini. Valizi yangu ilifika kisha siku mbili. Kama ingekuwa na dawa za yaya, sijui tungefanya nini.

India ni nchi kubwa, karibu mara moja na nusu ya Congo yetu, na ina watu zaidi ya miliari 1 na milioni 400. Saa yao inatangulia ile ya Lubumbashi kwa saa tatu na nusu. Ndiyo, na nusu. Kama unawapigia simu watu wa nyumbani saa mbili asubuhi ya kule, huku ni saa kumi na nusu usiku, na kila mtu ataamka akifikiri mgonjwa amekufa. Tulifanya hivyo siku ya kwanza.

Motokari zinapita upande wa kushoto, kama unapovuka Kasumbalesa kuingia Zambia. Kabla ya kuvuka barabara tazama kuume kwanza. Ukiondoka nyumbani ya wageni, chukua karti yake yenye anwani kwa Kihindi na Kiingereza, umwonyeshe dereva wa ile motokari ndogo ya magurudumu matatu, na mupatane bei kabla ya kupanda. Siku ya kwanza mwenye nyumba atatengeneza fotokopi ya paspoti na viza yako. Usiogope: sheria inamtaka atangaze kila mgeni kwa serikali ndani ya saa 24. Na siku ya kurudi uwe na tiketi ya karatasi au ya simu mkononi, kwa sababu askari wanaitazama mlangoni pa kiwanja cha ndeke. Asiye na tiketi haingii.

Juu ya majira, muulize kabla ya kufunga valizi. Delhi mwezi wa 12 na wa 1 usiku ni baridi, na hewa imejaa moshi, jambo baya kwa mgonjwa wa moyo au wa mapafu. Mwezi wa 5 na wa 6 joto linapita digri 40. Mvua zao zinaanguka tangu mwezi wa 6 mpaka wa 9, wakati sisi tuko katika kiangazi. Sisi tulifika mwezi wa 2, na tulishukuru.

LUGHA, CHAKULA, DESTURI

Kifaransa hakitakusaidia. Hospitalini wanasema Kiingereza, na zile kubwa zina wakalimani. Lakini Kiswahili chetu kilitushangaza. Katika Kihindi cha Delhi dawa ni «dava», gari ni «gari», duka ni «dukan», kitabu ni «kitab», dunia ni «duniya», chai ni chai na chapati ni chapati. Maneno mengine yalitoka kwao kuja kwetu, mengine sisi na wao tuliyapata kwa Waarabu na Waajemi. Yaya alijifunza neno moja jipya, «pani», ni maji, na kila muuguzi alimpenda juu yake. Lakini ukienda Chennai, upande wa kusini, wanasema Kitamili, na maneno haya hayatafika mbali.

Mhindi akitikisa kichwa huku na huku kama anakataa, mara nyingi amekubali au anakusikia. Mimi nilibishana na mfamasia dakika kumi, nikifikiri ananikatalia dawa, kumbe alikuwa amekwisha kuitia ndani ya mfuko. Kula na kupokesha vitu kwa mkono wa kuume. Vua viatu mlangoni pa nyumba ya watu na pa nyumba ya ibada. Akina mama wafunike mabega na miguu, watatazamwa kwa heshima zaidi.

Wengi hawali nyama, na nyama ya ng'ombe imekatazwa katika sehemu nyingi. Wali, dengu na mboga zipo kila pahali, pilipili nayo ipo kupita kiasi. Mgonjwa aseme mbele: bila pilipili. Na bukari? Mwipwa wangu alitafuta siku tatu, kisha akagundua unga wa ngano mzito unaoitwa «suji». Akaupika kwa maji ya moto kama bukari, na yaya akala kwa mara ya kwanza tangu tufike. Kwa hiyo mutafute nyumba ya wageni yenye jiko, karibu na hospitali. Maji munywe ya chupa iliyofungwa au yaliyochemshwa, na musitie barafu ya barabarani. Mbu wa kule wanaouma mchana wanaleta homa ya dengi, basi mujikinge hata jua likiwaka.

NENO KWA SISI WATU WA KANISA

Nilikuwa nimetia trakti hamsini ndani ya valizi, nikisema moyoni: nitahubiri hospitalini. Mchungaji mmoja Mhindi alinionya kwa upole. Mwenye viza ya matibabu, ya kusindikiza au ya utalii anaweza kuingia kanisani na kuabudu, lakini kazi ya kuhubiri inaomba viza nyingine. Tena majimbo kadhaa yana sheria kali juu ya kugeuza watu dini. Mgeni akikosa, anaweza kurudishwa kwao, lakini Wakristo wa pale ndio watabaki na matata. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011 Wakristo walikuwa karibu 2 tu kwa kila watu 100.

Basi tulikwenda kuabudu tu. Huko kaskazini Waprotestanti wa madhehebu mbalimbali waliungana mwaka 1970 kuwa Kanisa la India ya Kaskazini, na wale wa kusini walitangulia mwaka 1947. Hatukufahamu wimbo hata mmoja. Kisha ibada mama mmoja mzee alimshika yaya mkono, akatazama kovu juu ya kifua chake, akalia. Juma lote lililofuata alituletea supu.

KABLA HAMUJAKUBALI KISU

Munganga alisema ataweka mlango mpya katika moyo, na yaya achague. Kuna mlango wa kiwandani: unadumu sana, lakini mgonjwa atakunywa dawa ya kuzuia damu isigande maisha yake yote, na damu yake itapimwa kila mara. Kuna mlango wa kutoka kwa mnyama, ng'ombe au nguruwe: mara nyingi hauombi dawa hiyo siku zote, lakini kisha miaka kadhaa unachakaa, na mtu anaweza kupasuliwa tena.

Nilitaka kujibu kwa ajili yake. Mwipwa akasema: «Mujomba, tupigie kwanza munganga wa Lubumbashi.» Tuliuliza: kipimo hicho kinafanywa kwetu? Dawa hiyo inapatikana? Akajibu ndiyo yote mawili. Ndipo yaya akachagua mlango wa kiwandani. Mgonjwa yeyote aulize hivi kabla ya kukubali: kisha hapa, nitahitaji nini kila mwezi, na je, kipo kwetu? Muulize pia kama hospitali inaomba watu wa kutoa damu, musije mukashangazwa siku ya kupasuliwa.

Tulipanga juma nne, tukakaa saba, kwa sababu maji yalijikusanya karibu na mapafu na munganga akakataa kutupa karatasi ya kupanda ndeke. Bahasha ya tatu ndiyo ililipa juma hizo. Siku ya kutoka tuliomba rapori nzima, picha zote, na majina ya dawa kama yanavyojulikana na waganga wa nchi zote, si jina la kiwanda tu. Tulinunua dawa za miezi kadhaa pamoja na karatasi ya munganga.

NENO GUMU

Kuna jambo moja nililiacha nyuma, lakini lilisemwa usiku ule mezani Likasi. Tulipomaliza kuhesabu bahasha, yaya alitazama mikono yake na kusema: «Na kama ninafia kule? Musinifiche. Mutanizika wapi?»

Ndugu yetu mkubwa alishtuka: «Yaya, musiseme vile, ni kukosa imani.»

Yaya akajibu: «Hapana. Ni kufanya hesabu.»

Nimezika watu wengi, lakini swali hilo lilinikausha koo. Kurudisha maiti kutoka Asia ni gharama inayoweza kufilisi jamaa iliyokwisha kuuzisha nyumba, na jamaa ambayo haikuzungumza itagombana kando ya maiti. Yaya aliamua mwenyewe: «Kama ninakufa, munizike kule. Pasta atakuwa pale, ataomba. Franga zinabaki, zisomeshe batoto.» Tuliandika, tukatia sahihi wote. Karatasi ile ilikuwa ndani ya Biblia yangu tangu Lubumbashi mpaka Delhi, na siku alipoingizwa katika chumba cha kupasulia, saa tano nzima, niliishika bila kuifungua. Ninaamini ya kwamba yeye aliingia na amani zaidi kuliko sisi, kwa kuwa hakuna neno alilokuwa ameacha bila kusema.

Hatukuitumia. Leo yaya anapanda ngazi za kanisa bila kusimama. Kila mwezi anatoka Likasi kuja Lubumbashi kupimwa damu. Sombe hakukatazwa, lakini munganga alimwambia ale kipimo kilekile juma kwa juma, kwa sababu majani mabichi yanapunguza nguvu ya dawa ile. Naye anapima sombe yake kwa kikombe, na wajukuu wanamcheka.

Si kila jamaa inarudi hivyo. Wengine walijitayarisha vizuri wakazika, na hatujui kwa nini. Lakini ninajua jamaa ambayo ilikwama kule, mgonjwa kitandani na franga zimeisha kwa tiketi za watu wanne. Hiyo haikuwa mapenzi ya Mungu. Ilikuwa meza ambayo hawakuketi.

KATENI ORODHA HII, MUIWEKE NDANI YA BIBLIA

1. Rapori zimetafsiriwa kwa Kiingereza na kutumwa kwa hospitali mbili au tatu.
2. Munganga wetu wa hapa amesoma majibu.
3. Majina ni yaleyale katika paspoti, barua, viza, tiketi na karti.
4. Chanjo ya homa ya manjano imefanywa siku 10 au zaidi mbele ya safari.
5. Viza ni ya matibabu, na wasindikizaji si zaidi ya wawili.
6. Mmoja wa wasindikizaji anaweza kumwogesha mgonjwa, mmoja anajua Kiingereza.
7. Bei imesomwa vizuri: laki ni 100,000.
8. Bahasha ya «Kurudi» imejaa, na haijaguswa.
9. Tumeuliza kama dawa na vipimo vya baadaye vinapatikana kwetu.
10. Mgonjwa mwenyewe amesema anataka nini, na sisi tumemsikiliza.